Mlinzi wa Kifusi

Mji ukishapigwa mabomu, wa kwanza kuingia kwenye kifusi ni wale wanaotafuta watu wao. Nyuma yao huja wanaotafuta mali: sufuria, godoro, cherehani, chochote ambacho moto umekisaza. Mwisho huja matingatinga kusafisha. Lakini kabla ya matingatinga, mara mojamoja, hutokea mtu mwenye daftari na futi kamba. Anainama juu ya jiwe, anaandika limeangukia wapi, analigeuza aone upande uliochongwa, kisha anakwenda kwenye jiwe la pili. Watu wenye njaa wanampita wakishangaa.

Nitawasimulia, vijana wangu, habari za mtu wa namna hiyo. Jina lake Hans Nadler. Alizaliwa tarehe 1 Julai 1910 katika mji wa Dresden, mashariki mwa Ujerumani, baba yake akiwa mchoraji mwenye jina hilohilo. Alisomea usanifu wa majengo hapohapo Dresden, yaani alifundishwa kuchora nyumba mpya. Lakini kazi iliyomchukua maisha yake yote ilikuwa kulinda nyumba zilizojengwa na watu wengine, wengi wao wakiwa wamekufa zaidi ya miaka mia moja kabla hajazaliwa. Mmoja wa hao wafu ndiye tutakayeanza naye, kwa sababu bila yeye Nadler asingekuwa na kifusi cha kulinda.

Mwaka 1705 mji wa Dresden ulimwajiri seremala aitwaye George Bähr kuwa fundi wake mkuu wa mbao. Bähr alikuwa ametoka kijiji cha Fürstenwalde, huko milimani karibu na mpaka wa nchi ya Wacheki, na alikuwa na miaka 39. Cheo chake kilikuwa cha kutumikia mji, na mtawala wa Saxony, nchi iliyokuwa na mji huo, alikuwa na wajenzi wake mwenyewe. Mtawala huyo, August, aliyejulikana kama August Mwenye Nguvu, alikuwa ameacha dhehebu la Kilutheri mwaka 1697 akawa Mkatoliki, kwa sababu alitaka ufalme wa Poland na Wapoland walitaka mfalme Mkatoliki. Wenyeji wa Dresden wakabaki Walutheri. Na walipoona kanisa lao la zamani limechakaa na kuwa dogo, wakaamua kujenga jingine katikati ya mji, lao wenyewe, kubwa kiasi kwamba hata mtu aliye ng'ambo ya mto Elbe angeliona.

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 26 Agosti 1726. Kanisa likaitwa Frauenkirche, Kanisa la Bibi Yetu.

Mwanzoni kuba lake lilipangwa kuwa la mbao na kuezekwa kwa shaba. Hiyo ndiyo njia ya kawaida: mbao ni nyepesi, shaba haipitishi maji, na kuta hazilemewi. Bähr akabadili shauri. Fundi wa mbao akasema kuba lijengwe kwa mawe, tangu chini hadi juu, kusiwe na mahali ambapo paa linaanza na ukuta unaishia. Fikirieni uzito wake. Kuba hilo lilikuwa na takribani tani 12,000, na lote lilikalia nguzo nane za jiwe mchanga, wakati nguzo zenyewe ni nyembamba ili waumini wote waweze kumwona mhubiri.

Kuba la mawe lina tabia moja ambayo kila mwashi anaijua. Haliridhiki na kusukuma chini. Linasukuma pia nje, linataka kutanua miguu. Ndiyo maana Bähr alilizungushia pete za chuma, kama zile zinazobana pipa lisipasuke. Hakuwa na kanuni za hesabu tulizonazo leo za kupima nguvu hizo. Alikuwa na uzoefu, alikuwa na vielelezo vidogo vya mbao, na alikuwa na ujasiri ambao wakubwa wake waliuogopa. Watu wengine wenye ujuzi walisema wazi kwamba kuba hilo ni hatari. Gaetano Chiaveri, Mwitaliano aliyekuwa akimjengea mtawala kanisa la Kikatoliki hatua chache kutoka hapo, alishauri libomolewe.

Bähr alifariki tarehe 16 Machi 1738, kazi haijakwisha. Wenye mji hawakubomoa. Mwaka 1743 msalaba ukapandishwa juu kabisa, mita 91 kutoka chini, na wenyeji wakalipa kanisa lao jina la utani: Kengele ya Mawe. Kabla ya hapo, mwezi Desemba 1736, Johann Sebastian Bach alikuwa ameshapiga kinanda chake kipya mbele ya umati. Na mwaka 1760, mfalme wa Prussia alipoupiga Dresden kwa mizinga, makombora yaliangukia kuba yakadunda na kubingirika chini. Kanisa jirani la Msalaba Mtakatifu liliungua. Kengele ya Mawe ikabaki.

Hata hivyo Chiaveri hakuwa amesema uongo mtupu. Nguzo zile nane zilikuwa zimebebeshwa zaidi ya uwezo wake, na nyufa zilirudi kila kizazi. Kati ya mwaka 1938 na 1943 ilifanyika kazi kubwa ya kuliimarisha jengo. Mhandisi Georg Rüth alilifunga kuba kwa pete mpya za zege lenye nondo, na msanifu Arno Kiesling akawa anapima. Shikeni jina hili la Kiesling. Alipima kila upinde na kila dirisha, akachora ramani kwa vipimo vya kweli vilivyochukuliwa ukutani, maana katika karne ya 18 mafundi hawakufuata ramani zao neno kwa neno, na karatasi za zamani haziwezi kukwambia jiwe lilichongwaje hasa siku lilipopandishwa. Ilikuwa kazi ya kuchosha isiyo na sifa. Nadhani hakuna aliyemwonea wivu.

Sasa tunafika mahali pagumu, na sitaparuka. Vita vya Pili vya Dunia vilianzishwa barani Ulaya na Ujerumani yenyewe, mwaka 1939. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Manazi walikuwa wameichoma moto sinagogi ya Dresden, nayo ilikuwa kazi ya msanifu mkubwa, Gottfried Semper. Wayahudi wa mji huo walihamishwa kwa nguvu na wengi wao wakauawa. Hayo yote yalitokea wakati kuba la Frauenkirche linafungwa zege lisipasuke.

Usiku wa tarehe 13 Februari 1945 ndege za Uingereza zikaja juu ya Dresden, na kesho yake zikaja za Marekani. Moto uliowaka uliunganisha mitaa kwa mitaa. Waliokufa walifika hadi watu 25,000. Karibu watu mia tatu walikuwa wamejificha katika vyumba vya chini ya Frauenkirche, nao walitoka wakiwa hai. Asubuhi ya tarehe 14 walionusurika walitazama juu wakaona kuba bado limesimama, limezungukwa na moshi, wakasema Mungu amelinusuru.

Lakini moto ulikuwa umeshaingia madirishani. Ndani kulikuwa na viti vya mbao na roshani za mbao, ghorofa juu ya ghorofa, vyote vikateketea. Jiwe mchanga ni punje za mchanga zilizoshikamana. Likipata joto kali linapanuka, linachanika, nguvu zinaliishia. Nguzo zilizokuwa zimelemewa kwa miaka mia mbili sasa zilikuwa zimechomwa. Tarehe 15 Februari, yapata saa nne asubuhi, nguzo moja ikakatika, kuba likainama upande huo, na mzigo wote ukashuka kwa kishindo kilichosikika mji mzima. Vilibaki vipande viwili tu vya ukuta vimesimama, na kati yake kilima cha mawe, mita za ujazo zipatazo 22,000. Chini yake, katika chumba cha maziko, alikuwa amelala George Bähr mwenyewe, ambaye mifupa yake ilihamishiwa huko mwaka 1854.

Hapo ndipo watu wa futi kamba wanapoingia. Miaka michache baada ya vita, wahifadhi wa majengo ya kale wa Dresden, Nadler akiwa miongoni mwao, walianza kuchambua kile kilima. Walitoa mawe yaliyochongwa, mamia kwa mamia, wakayapima na kuyaorodhesha. Kiesling naye akaendelea na ramani zake, akichora kanisa ambalo halikuwepo tena. Kisha kazi ikasimamishwa. Watu hawakuwa na paa juu ya vichwa vyao, na serikali haikuona sababu ya kutumia mikono ya wanaume na wanawake wenye njaa kuokota mawe ya kanisa. Siwalaumu.

Mwaka 1949 Hans Nadler akakabidhiwa uongozi wa ofisi ya uhifadhi wa majengo ya kale Dresden, iliyosimamia Saxony yote. Alikuwa na miaka 39, umri uleule wa Bähr alipoajiriwa na mji. Mwaka huohuo ikazaliwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, nchi ya kikomunisti, na viongozi wake walikuwa na ndoto ya Dresden mpya: barabara pana za maandamano, majumba marefu ya wafanyakazi, viwanja vikubwa. Magofu ya makanisa na makasri yalikuwa kumbukumbu ya wafalme na mapadre. Kwa macho yao yalikuwa yanaziba njia.

Nadler akakaa katika kiti hicho hadi mwaka 1982. Miaka 33, bila fedha za kutosha, mbele ya wakubwa ambao wangeweza kumwondoa siku yoyote.

Huenda mnajiuliza mhifadhi anafanya nini kwa gofu ambalo hana ruhusa wala pesa ya kulijenga. Anapambana na maji. Huku kwetu pwani mvua inaotesha mizizi kwenye ufa. Huko Dresden kuna adui mwingine. Maji yakiingia ukutani wakati wa vuli, majira ya baridi yanageuka barafu, na barafu inachukua nafasi kubwa kuliko maji. Ufa wa unene wa unywele unafunguka. Mwaka wa pili unapitisha ukucha, mwaka wa kumi jiwe linadondoka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufunika vichwa vya kuta, kuweka paa la muda hata kama ni la mabati, kuhakikisha maji yana njia ya kutokea. Kazi ya pili ni kulipatia gofu mwenyeji, maana jengo lenye mtu ndani, hata awe na karakana tu au ghala la vifaa, ni gumu kulibomoa kuliko lililo tupu. Kazi ya tatu ni barua. Kuandika, kupiga mhuri, kuomba kikao, kungoja, kuandika tena.

Kasri la wafalme wa Saxony liliokoka hivyo, likiwa magofu kwa miaka arobaini, likipigwa kiraka hapa na pale hadi serikali ileile iliyolidharau ilipokubali, katika miaka ya 1980, lijengwe upya. Zwinger, ule uwanja wa sherehe wenye mabanda ya mawe yaliyochongwa maua na malaika, ulikuwa na bahati zaidi. Msanifu Hubert Ermisch, aliyekuwa ameukarabati kabla ya vita na kuona kazi yake ikiharibiwa kwa usiku mmoja, alianza upya mwaka uleule wa 1945, akiwa na umri wa miaka 62. Jumba la opera la Semper lilifunguliwa tena tarehe 13 Februari 1985, miaka arobaini kamili tangu usiku wa mabomu.

Lakini nisiwadanganye kwamba Nadler alishinda kila mara. Nyumba za karne ya 18 katika mtaa wa Rampische Straße, karibu kabisa na Frauenkirche, zilikuwa na kuta za mbele ambazo zingeweza kuokolewa. Zililipuliwa miaka ya 1950. Kanisa la Chuo Kikuu cha Leipzig lilipita vitani karibu bila kuguswa, likalipuliwa kwa amri ya serikali tarehe 30 Mei 1968, mchana kweupe, watu wakitazama. Leipzig nayo ilikuwa chini ya ofisi ya Nadler. Mtu anayefanya kazi hii anajifunza kupoteza jambo asubuhi na kurudi ofisini mchana huohuo kuandika barua ya jengo jingine. Kwangu mimi huo ndio ushujaa wake, ingawa hauna sura ya ushujaa.

Kilima cha Frauenkirche kilibaki kikiwa na hatari ya kuondolewa wakati wowote. Ulikuwepo mpango wa kukisafisha na kutengeneza maegesho ya magari. Nadler alijua kwamba akisema kanisa lijengwe upya atachekwa, na akisema mawe yaachwe tu ataulizwa kwa nini katikati ya mji kuna takataka. Akatumia waridi. Kilima kikapandwa waridi kukizunguka, kikaanza kuonekana kama kitu kilichowekwa pale kwa makusudi, chenye mtunzaji wake. Na umaskini wa nchi ukamsaidia pia: kuhamisha mita za ujazo 22,000 za mawe kunataka malori na fedha, na vyote viwili vilikuwa haba. Mwaka 1966 gofu hilo likatangazwa rasmi kuwa kumbukumbu ya vita. Tangu siku hiyo kulifuta kukawa kugumu zaidi.

Halafu yakatokea mambo ambayo hakuna ofisi iliyoyapanga, na haya yanawahusu ninyi hasa. Mwaka 1982, mwaka ambao Nadler alistaafu, vijana wachache wa Dresden, rika lenu, walisambaza vikaratasi kwa siri wakiwaita watu kukutana kwenye gofu la Frauenkirche usiku wa tarehe 13 Februari, wakae kimya wakiwa na mishumaa, kuombea amani. Katika nchi ile kusambaza karatasi bila kibali lilikuwa kosa la kufungwa. Polisi wa siri waliwahoji. Viongozi wa kanisa, wakiogopa vijana wasije wakaumizwa, waliandaa ibada na mjadala katika Kanisa la Msalaba Mtakatifu, na maelfu wakaja. Baadaye usiku wengi walitembea hadi kwenye kilima cha mawe na kuwasha mishumaa yao hapo. Mwaka uliofuata wakarudi, na mwaka uliofuata tena. Gofu alilolitunza mtumishi wa serikali likawa mahali pa watu kuiambia serikali hiyohiyo yale waliyokuwa nayo moyoni.

Ukuta wa Berlin ulipofunguka Novemba 1989, ilichukua miezi mitatu hivi tu kabla ya raia kadhaa wa Dresden, wakiongozwa na mpiga tarumbeta Ludwig Güttler, kutoa mwito kwa dunia nzima: tusaidieni kulijenga Frauenkirche. Ilikuwa Februari 1990. Hans Nadler alikuwa anakaribia miaka 80, naye akawa pamoja nao.

Si kila mhifadhi aliyewaunga mkono. Katika taaluma hii Wajerumani wana kanuni ya zamani, iliyosisitizwa na mwanahistoria wa sanaa Georg Dehio mwanzoni mwa karne ya 20: hifadhi kilichopo, usitengeneze upya kilichokwisha. Jengo la kale, kwa hoja hiyo, ni shahidi, na ukijenga nakala yake umemweka shahidi wa uongo. Wengine walisema kilima chenyewe ndicho ukumbusho, kinaonyesha vita ilivyo, na ukikifunika kwa kanisa zuri watoto hawatajua kilichotokea. Wengine waliuliza kwa nini fedha zisitengeneze kwanza nyumba mbovu za watu. Hoja hizi ni nzito, na mtu asiwaambie zilikuwa za wajinga. Mimi naona Dresden ilikuwa na haki ya kujenga, kwa sababu moja: mawe yalikuwepo. Hawakuwa wanabuni kutoka kwenye picha ya posta. Walikuwa na kuta mbili zilizosimama, walikuwa na ramani za Kiesling, na walikuwa na kilima ambacho karibu kila jiwe lililobaki ndani yake lilikuwa limelala palepale lilipoangukia tangu mwaka 1945. Lau kingesafishwa kwa ajili ya maegesho, ningekuwa upande wa wapinzani.

Mwezi Januari 1993 kilima kikaanza kufunguliwa, kwa utaratibu wa wanaakiolojia, chini ya mkurugenzi wa ujenzi Eberhard Burger. Hebu tusogee karibu tuone jiwe moja linavyoshughulikiwa. Kabla halijaguswa linapigwa picha na mahali pake panapimwa, maana jiwe lililodondoka kutoka upande wa kusini kwa kawaida litalala kusini, na la juu litakuwa na majirani wa juu. Linanyanyuliwa kwa winchi. Linasafishwa, linapewa namba, linapimwa upana, kimo na kina. Fundi mchonga mawe analikagua: hapa kuna ukingo wa dirisha, hapa kuna mkunjo wa kuba, hapa kuna tundu la chuma cha kuunganishia. Picha zinaingizwa kwenye kompyuta, ambako zinaweza kugeuzwa huku na huku na kulinganishwa na ramani. Kisha jiwe linapelekwa kwenye rafu za chuma zilizojaza uwanja mzima mbele ya kanisa, lingoje. Kazi hii iliendelea kwa takribani mwaka mmoja na nusu, na mawe zaidi ya 8,000 yaliyochongwa yakaokolewa. Msalaba wa kale wa juu ya kuba ulipatikana ndani ya kifusi, umepindika. Madhabahu ilikuwa imefunikwa na mawe yaliyoanguka, na mawe hayo ndiyo yaliyoilinda. Ikakusanywa upya kutoka vipande vipatavyo 2,000.

Milango ilikuwa shida, kwa sababu iliungua yote na hakuna ramani iliyoonyesha nakshi zake vizuri. Wajenzi wakawageukia wazee wa Dresden: nani alifunga ndoa Frauenkirche? Watu wakafungua albamu zao. Bibi harusi na bwana harusi husimama wapi baada ya ibada? Mlangoni. Katika picha hizo za familia, nyuma ya shela na makoti meusi, mafundi waliuona mlango wa mwaloni, paneli kwa paneli, wakauchonga tena.

Fedha zilifika kama euro milioni 180, na zaidi ya nusu zilikuwa michango ya watu. Vipande vidogo vya mawe ambavyo havikufaa kurudi ukutani viliwekwa ndani ya saa za mkononi na kuuzwa kuchangia ujenzi. Günter Blobel, mwanasayansi aliyeuona Dresden akiwa mtoto mkimbizi siku chache kabla haujaungua, alipopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1999 alitoa sehemu kubwa ya fedha zake kwa kanisa hili na kwa sinagogi mpya. Msalaba mpya ulitoka Uingereza. Mmoja wa mafundi walioutengeneza, Alan Smith wa London, alikuwa mtoto wa rubani aliyeshiriki kuupiga Dresden. Ulipandishwa tarehe 22 Juni 2004.

Na kuba? Lilijengwa kwa mawe, tani zote zile, kama Bähr alivyotaka. Safari hii wahandisi walikuwa na hesabu. Wakachagua mawe magumu zaidi kwa nguzo, wakayachonga kwa usahihi ili viungo viwe vyembamba, na wakafunga pete za chuma zenye nguvu zinazopeleka msukumo wa kuba kwenye kuta za nje, badala ya kuziachia nguzo nane mzigo wote. Walipomaliza, hesabu zao zilikuwa zimeonyesha kwamba wazo la msingi la seremala yule lilikuwa sahihi. Alichokosa ni chuma bora na mawe bora. Mawe ya zamani, pamoja na kuta zilizobaki, yanafanya takribani asilimia 45 ya jengo. Unayatambua kwa weusi wake. Weusi huo si masizi ya moto tu. Jiwe mchanga la Elbe hupiga weusi lenyewe kadiri linavyokaa hewani.

Kanisa liliwekwa wakfu tarehe 30 Oktoba 2005. Hans Nadler alikuwa amefariki wiki tatu kabla, tarehe 8 Oktoba, akiwa na miaka 95. Alikuwa ameliona limekamilika kwa nje, kuba na msalaba vikiwa juu.

Mkienda Dresden siku moja, msiishie Frauenkirche. Tembeeni dakika kumi kuelekea Zwinger, mtafute mahali lilipokuwa Kanisa la Sophia. Lilianza kujengwa karne ya 14, lilikuwa kanisa pekee la mtindo wa Kigothi lililobaki katika mji huo, na mtoto mkubwa wa Bach, Wilhelm Friedemann, alikuwa mpiga kinanda wake kwa miaka kumi na mitatu. Nadler na wenzake walipigania kuta zake wakashindwa. Zilibomolewa mwaka 1962 na 1963, na mahali pake pakajengwa mkahawa. Lakini wakati wa kubomoa, wahifadhi walifanya walilojua kufanya: waliokota vipande vilivyochongwa vya kikanisa kidogo cha pembeni, kilichojengwa na ukoo wa Busmann yapata mwaka 1400, wakaviorodhesha na kuviweka ghalani. Leo vipande hivyo vimesimamishwa tena hapohapo, ndani ya jengo la vioo, kila jiwe likiwa mahali pake na pengo likiwa pengo. Mlango uko wazi kwa wageni.